Baridi ya Timau na jiko la makaa chumbani

Mtu wa Pwani akienda Timau, kwenye mashamba ya maua na ngano, hupokewa na baridi asiyoizoea. Mji huo uko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku ukiingia, wapo wanaofunga madirisha na kulala na jiko la makaa chumbani. Hiyo ni hatari kubwa.

Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Yakipata hewa ya kutosha, hutoa zaidi kaboni dioksaidi. Hewa ikipungua, kaboni monoksaidi huzidi, nayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo mtu anapumua lakini mwili unakosa hewa. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi usio na kuamka.

Usidanganyike kwa kuwa makaa yamekolea na hayana moshi; gesi ipo. Ndugu zetu mlioko bara, ongezeni blanketi, jiko libaki nje. Mtu akizidiwa, mtoeni penye hewa na mumkimbize hospitali.