Mizani ya Bakteria Tumboni, na Dawa Tunazomeza Bure Kalemie

Mtu wa Kalemie akiumwa tumbo, mara nyingi haanzii hospitali. Anaanzia kwenye farmasi ya jirani, awe Kataki, Kituku au Hewa Bora. Anaeleza kwamba anahara, au tumbo linanguruma na kujaa gesi, kisha anatoka na vidonge vya aina mbili tatu: metronidazoli kwa kuwa huenda ni amiba, siprofloksasini kwa kuwa huenda ni tifoide, omeprazoli kwa kuwa huenda ni gastriti. Choo hakikupimwa. Baada ya wiki chache tumbo linamsumbua tena, naye anarudi kununua zilezile.

Yanayotokea ndani ya utumbo wake katika mzunguko huo yanafaa kuelezwa polepole. Elimu ya bakteria wa tumboni imepiga hatua kubwa katika miaka hii 20, na ingawa vitabu vyake huuzwa zaidi katika nchi tajiri, sidhani kama kuna wanaoihitaji kuliko watu wanaoishi kando ya ziwa lenye kipindupindu.

Tuanze na bakteria wenyewe. Watafiti watatu wa Israeli, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, walikadiria mwaka 2016 kwamba mwili wa mwanamume wa kawaida una bakteria wapatao trilioni 38, na seli zake mwenyewe zapata trilioni 30. Karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana, mahali pasipo na oksijeni. Wanakula nyuzinyuzi za mboga, maharage na mizizi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, na katika kula kwao wanatoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo mpana. Wanatengeneza baadhi ya vitamini. Wanaifundisha kinga ya mwili kumtofautisha adui na mgeni asiye na madhara. Tena wanajaza nafasi. Utumbo wenye bakteria wa aina nyingi ni kama soko ambalo kila meza ina mwenyewe: mhuni akifika hapati pa kutandika. Wenye meza wakifukuzwa, anayewahi kwanza ndiye anayekaa, na mara nyingi anayewahi si mwema.

Ushahidi wa jambo hilo umepatikana katika kipindupindu chenyewe. Mwaka 2014 Ansel Hsiao, Jeffrey Gordon na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika kwa wagonjwa wa Dhaka, Bangladesh. Waliona kwamba baada ya kipindupindu, bakteria wa tumbo hurejea hatua kwa hatua, kwa mpangilio unaofanana na ule wa mtoto mchanga anapokua. Mmoja kati ya wanaorejea, aliyeitwa wakati huo Ruminococcus obeum na leo Blautia obeum, aliwekwa kwenye matumbo ya panya, na kimelea cha kipindupindu kikashindwa kutamalaki. Mwaka 2020 kundi la Hsiao lilionyesha njia mojawapo: bakteria huyo huvunja chumvi fulani ya nyongo, ambayo kimelea cha kipindupindu huitumia kama ishara kwamba kimefika utumboni na sasa kiwashe silaha zake. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kunywa maji yaleyale ya ziwa, mmoja akaangushwa na mwingine akabaki amesimama, na sehemu ya tofauti hiyo ikawa imetokana na bakteria waliokuwa tayari tumboni.

Turudi sasa kwenye vidonge vya farmasi. Metronidazoli huua viumbe wanaoishi pasipo oksijeni. Ndiyo maana inafaa kwa amiba, na ndiyo maana pia inawapiga bakteria wetu wenyewe, kwa kuwa wengi wao huishi hivyohivyo. Siprofloksasini imechunguzwa kwa makini na Les Dethlefsen na David Relman wa Marekani. Siku chache tu za dawa hiyo zilibadilisha jamii ya bakteria kwa kiasi kikubwa kwa watu waliokuwa wazima kabisa. Wengi wa bakteria hao walirudi katika wiki chache, lakini baadhi ya aina hazikurudi, na dozi ya pili iliongeza hasara. Omeprazoli haiui bakteria. Inapunguza asidi ya tumbo, na asidi hiyo ndiyo lango la kwanza dhidi ya kipindupindu. Mwenye asidi ya kawaida hana budi kumeza vimelea wengi mno ndipo augue, na asidi ikipungua, wachache wanatosha. Ukimpa mtu wa Kalemie dawa hizi tatu kwa pamoja bila sababu, katika msimu wa kipindupindu, umemfungulia mlango na kuwaondoa walinzi kwa wakati mmoja.

Dawa hizi si sumu, na kuna wakati zinaokoa maisha. Amiba wa kweli anayeleta choo cha damu anatibiwa kwa metronidazoli. Tifoide ya kweli inaua ikiachwa. Tatizo ni namna tifoide inavyotajwa ovyo. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana katika vituo vyetu, hutafuta kingamwili kwenye damu, na katika mji ambao watu wamekutana na vijidudu vya jamii hiyo mara nyingi, kinaweza kusema ndiyo kwa mtu ambaye homa yake ni ya malaria. Kuhusu watoto wanaohara, jaribio kubwa lililofanyika katika nchi saba, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwamo, lilichapishwa mwaka 2021. Watoto walikuwa wanahara choo cha maji kisicho na damu, na juu ya hapo wameishiwa maji au wamedhoofika kwa utapiamlo. Kuwaongezea azithromaisini hakukupunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa.

Hapa ndipo inapoingia ile tiba ambayo Wamarekani wameipa umaarufu, inayodai kutafuta chanzo cha ugonjwa badala ya kufukuza dalili. Taasisi yake kuu ilianzishwa mwaka 1991 na Jeffrey Bland na mkewe Susan. Kwa tumbo lililopoteza mizani, wafuasi wake wana hatua zinazojulikana: ondoa kinachoudhi utumbo, rudisha kinachopungua, panda upya bakteria wema, uponye ukuta, kisha usawazishe maisha kwa usingizi na utulivu. Mpangilio huo nauheshimu. Swali lake ni sahihi: kwa nini tumbo hili linaumwa kila mara?

Majibu yanayouzwa kwa jina la tiba hiyo ndiyo yananitia shaka. Vipimo vya choo vya bei kubwa vinaorodhesha majina ya bakteria, ilhali sayansi haijakubaliana hata choo cha mtu mzima wa afya kinapaswa kuwa na nini. Vidonge vya bakteria wema navyo vina rekodi dhaifu kuliko matangazo yake. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kwamba watu waliomeza vidonge hivyo baada ya antibiotiki walichelewa kuwapata tena bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Chama cha madaktari bingwa wa tumbo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, hakikuvipendekeza kwa maradhi mengi ya tumbo. Anayekuletea chupa hizo Kalemie kwa dola, ukazinunua badala ya maharage na samaki, amekuibia.

Basi tuchukue swali, tuliulize kwa Kalemie. Kinachoudhi matumbo ya mji huu ni nini? Ni maji, kabla ya kitu kingine chochote. Kipindupindu kimekaa kwenye mwambao huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mto Lukuga unatoka ziwani hapahapa mjini, na katika miaka ya karibuni ziwa limepanda, likaingia nyumbani mwa watu na kuzamisha vyoo. Vita vya upande wa bara vimeleta wakimbizi katika mji ambao mabomba yake hayakuwatosha hata wenyeji. Anayeishi hivyo haugui kuhara tu. Akimeza kinyesi kidogokidogo kila siku, hata pasipo kuharisha, vinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula hufupika, ukuta hulegea na kupitisha vitu visivyopaswa kupita, na kinga hubaki imewashwa usiku na mchana. Mtoto wa namna hiyo anakula lakini harefuki.

Suluhisho dogodogo halitoshi kwa hali hii. Majaribio makubwa yaliyofanyika magharibi mwa Kenya, Bangladesh na Zimbabwe yaliwapa watu vyoo bora, klorini na sabuni, na bado watoto hawakurefuka zaidi. Uchafu uliobaki ulikuwa bado mwingi. Majirani zetu wa Uvira nao wana funzo lao: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha siku ambazo mtambo wa maji ulisimama na wagonjwa walioingia kituo cha kipindupindu. Maji yakikatika, wagonjwa waliongezeka katika siku zilizofuata. Chanjo ya kumeza, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka waliitoa Kalemie mwaka 2013 na 2014, inasaidia, ila kinga yake hupungua kwa miaka.

Upande wa watoto, hadithi ya Malawi inafaa kujulikana kwa kila mama aliyeona bwaki, ule unyafuzi wa kuvimba miguu. Jeffrey Gordon na wenzake walifuatilia jozi 317 za pacha hadi umri wa miaka 3, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Katika baadhi ya jozi ilitokea pacha mmoja akapata bwaki na mwenzake akabaki mzima, nyumba moja, chungu kimoja. Bakteria wa mgonjwa walipohamishiwa kwa panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya wakakonda vibaya. Watoto walipolishwa siagi ya karanga ya tiba, bakteria wao walianza kukomaa, kisha wakarudi nyuma chakula kilipoisha. Huenda hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya mtoto anayetolewa kwenye programu ya lishe na kurudishwa kwenye bukari tupu arudi tena kituoni.

Kwa mtoto mchanga jibu halina gharama. Maziwa ya mama yana sukari za pekee ambazo mtoto mwenyewe hazisagi. Zipo kwa ajili ya bakteria wake, hasa bifidobakteria, ambao hufanya choo chake kuwa na asidi na kuwazuia wabaya. Maji yoyote anayopewa kabla ya miezi 6, hata ya kijiko, yanaingiza wageni mahali palipokuwa salama.

Kwa watu wazima, kupanda upya kunaanzia sokoni. Lengalenga, sombe, maharage, karanga, ndizi: humo ndimo zilimo nyuzinyuzi ambazo bakteria wanazitaka. Watoto wa kijijini Burkina Faso, waliolinganishwa mwaka 2010 na watoto wa Florence, Italia, walikuwa na bakteria wengi zaidi wa kusaga mimea. Utajiri huo bado tunao, na mkate mweupe na soda vinaupunguza. Muhogo uloweke siku zake kamili kabla ya kuanika, kwa kuwa bakteria wa uchachu ndio wanaosaidia kuondoa sumu yake.

Jambo moja linahitaji kuachwa haraka. Wapo wanaosafisha tumbo kwa kuingiza maji ya majani au pilipili kwa nyuma, wakiwafanyia hata watoto wachanga. Utumbo hauna uchafu wa kuoshwa kwa njia hiyo. Dawa hizo huunguza utando laini, na mtoto mdogo anaweza kupoteza maji mwilini kwa saa chache.

Ukiharisha, kunywa SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Sukari iliyomo ndiyo inayoivuta chumvi na maji kupita ukuta wa utumbo, hata wakati kipindupindu kinamwaga. Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6, na aendelee kunyonya na kula. Choo kikiwa kama maji ya mchele, macho yakizama, au ukiona damu, nenda kituo cha afya mara moja, usipite farmasi. Na wewe muuza dawa, ndugu yangu, mgonjwa asiye na choo cha damu wala homa mpe SRO kwanza. Nao wanaosimamia bajeti ya mkoa wa Tanganyika wajue kwamba kila mwaka Kalemie inapokosa maji safi ya bomba, dawa zote tulizozitaja hapa zinafanya kazi ambayo isingekuwepo.