Kete Iliyoguswa

Hapa Sange nani asiyejua mchezo wa dame? Chini ya miembe twawaona vijana wakisukuma vifuniko vya chupa juu ya ubao. Lakini ndugu yake dame, yaani sataranji, ambayo Wafaransa huiita échecs, bado ni mgeni kwetu. Hata hivyo Kanisa lamjua mgeni huyu tangu zamani. Mwaka 1561 padri mmoja wa Hispania, Ruy López, alipiga chapa kitabu kizima juu yake, na njia moja ya kuanza mchezo yaitwa kwa jina lake hata leo.

Jumapili moja, baada ya Misa, tuliwakusanya wanafunzi wanane darasani wafanye mashindano. Mbao mbili zilikuwa za duka. Nyingine mbili tulizichora juu ya katoni, na vifuniko tukaviandika majina: mfalme, malkia, farasi, ngome. Tukawakumbusha sheria. Mshindi hupata alama 1. Wakitoka sare, kila mmoja nusu. Tena kete uliyoigusa ili uicheze, sharti uicheze. Ukitaka kuinyosha tu, utangulie kusema.

Katika duru ya mwisho walikutana wawili wenye alama sawa. Baba wa mmoja wao, mkulima, alikuwa ametuambia waziwazi kwamba mchezo huu wafundisha uvivu. Siku ile alisimama mlangoni akimngoja mtoto wake.

Lori likapita kwa kishindo katika barabara ya Uvira, na wote wakageuka kutazama. Wakati huohuo mtoto yule, kwa haraka, alimshika farasi wake, kisha akamwachia ghafula. Farasi huyo ndiye aliyekuwa akimlinda malkia! Mwenzake hakuona. Sisi tuliona, tukanyamaza. Mtoto akainamisha kichwa kitambo kidogo, halafu akasema, «Nimemgusa farasi.» Akamsogeza. Malkia akaliwa, na baada ya muda mfupi mfalme naye akakosa njia. Mtoto akampa mwenzake mkono, na madaftari ya zawadi yakaenda kwa yule mwingine.

Baba alikaribia akatuuliza maana ya jambo lile. Tukamweleza. Akatazama ubao, akasema, «Mwalimu, Jumapili ijayo atakuja tena.»

Mtakatifu Teresa wa Avila, alipowafundisha watawa wake kusali, alitumia mfano wa mchezo huu: unyenyekevu ndio malkia anayemfanya Mfalme wa mbinguni ajitoe kwetu. Mtoto wetu alimpoteza malkia wa ubaoni, lakini yule wa Teresa alibaki naye.

Wazazi, msiudharau mchezo huu. Katika mtaa maskini wa Katwe, mjini Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa huko Istanbul mwaka 2012. Si kila mtoto atafika Istanbul. Lakini kila mtoto aweza kuzoea kusema kweli pasipo shahidi, na mazoea hayo yatamfaa sokoni, ofisini na katika ndoa. Basi keti na mwanao ubaoni, bila kamari, nawe pia ukigusa kete, uicheze.