Shahada ya Kujipangia Mwenyewe

Maji wayatumiayo wenyeji wa mji wa Handeni, kwa sehemu kubwa, si maji ya Handeni. Huvutwa kutoka Mto Pangani huko wilayani Korogwe, yakasukumwa kwa mitambo na kupitishwa katika bomba la mradi ambao wakubwa kwa wadogo huuita HTM, mradi uliojengwa katika miaka ya 1970, ukasifiwa kila yatokapo na kulaumiwa kila yakatikapo, hata siku hizi miji yote miwili, Handeni na Korogwe, imetiwa katika ule mradi wa maji wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Mto huohuo ukishaipita Korogwe hushuka kwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, kisha ile ya Pangani Mpya, megawati 68. Basi mtu akiuliza kwa nini mama wa Handeni anunue dumu la maji ilhali mto haujakauka, ataulizwa mwanachuoni gani? Mhandisi atanena habari za pampu na mabomba yaliyochakaa. Mwanasheria atafungua Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 aonyeshe nani ana kibali cha kuteka. Mwanauchumi atahesabu gharama ya umeme wa kuyapandisha maji. Kila mmoja atasema kweli, na mama yule atabaki na dumu lake.

Maswali ya namna hii ndiyo yaliyowafanya baadhi ya wakuu wa vyuo wakubali kwamba mwanafunzi wa shahada ya uzamili aweza kujipangia masomo yake mwenyewe, akayatoa katika idara mbili au tatu, mradi aeleze kwa maandishi ni jambo gani analolitafuta na kwa nini idara moja haitamfikisha. Mashuhuri miongoni mwao ni skuli ya Gallatin ya Chuo Kikuu cha New York, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambamo hakuna mtaala mmoja wa wote, bali kila mtu na mpango wake, na mwalimu wa kumshauri.

Jambo hili si geni kwetu kama lidhaniwavyo. Mwalimu Julius Nyerere, alipokuwa Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hata 1952, hakujifungia katika fani moja. Alichukua shahada ya jumla, akasoma uchumi, historia, sheria za katiba, falsafa ya maadili na elimu ya jamii za watu. (Shahada ile huitwa M.A., lakini kwa desturi ya Scotland ni shahada ya kwanza, wala asije mtu akaifananisha na uzamili wetu.) Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipounda Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973, kilikiri kwamba umaskini hauna idara yake.

Ila mfano ulio aula zaidi umo humuhumu katika nchi tunayoizungumza. Steven Feierman, aliyeandika mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, katika milima inayoiangalia Korogwe, alisomea udaktari mara mbili, wa historia huko Northwestern na wa anthropolojia huko Oxford. Kwani alizikuta habari za mvua, za mfalme na za rutuba ya ardhi zimefungamana katika vinywa vya wazee, na mwenye kuzitenganisha asingeelewa hata moja. Naye James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliitazama nchi ya Wazigua, yaani Handeni na pande zake, akataka kujua ng'ombe wa zamani walikwenda wapi. Jawabu lake lapita katika elimu nyingi. Wakubwa wa zamani walikuwa na akiba ya nafaka, na kwa akiba ile waliwaweka watu karibu nao. Watu wakilima pamoja, pori lilirudi nyuma, na mbung'o na kupe wakapungua. Utawala wa kikoloni ulipovunja nguvu za wakubwa hao, kwa kodi na kwa kuwavuta vijana kwenye mashamba ya wageni, njaa zilifuatana, watu wakatawanyika, pori likarejea, na pamoja nalo nagana na ndigana kali. Mwanahistoria asiyemjua kupe angalitaja njaa tu; daktari wa mifugo asiyejua kodi angalimtaja kupe tu.

Hata hivyo uhuru huu una mitego, na kwa rai yangu walio wengi hunaswa na ule wa kwanza, nao ni kukusanya masomo kwa kuwa yanapendeza. Palipo swali hapana budi pawe na fani moja ya kusimamia, ambayo mtu ataijua barabara, na nyingine ziwe za kuazima. Kwa kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uzamili ni krediti 180, na kila krediti ni saa kumi za kazi; saa 1,800 ni chache mno kwa mtu atakaye kuwa mhandisi, mwanasheria na mchumi kwa pamoja. Vyuo vyetu, aghalabu, havina mlango uliobandikwa jina la shahada ya kujipangia. Njia iliyo karibu ni uzamili wa tasnifu, wenye wasimamizi wawili wa idara mbalimbali, na wasimamizi hao sharti mwanafunzi awatafute yeye mwenyewe kabla hajalipa ada, akiwa na andiko la kurasa chache mkononi. Na jina litakaloandikwa katika cheti si jambo la kupuuza, maana matangazo ya kazi za serikali hutaja shahada kwa majina, na mwenye kupokea maombi hana wasaa wa kusikiliza hadithi ya bomba.

Kisha ziko barua za kuombea ruhusa ya kufanya utafiti. Chuo humwandikia Katibu Tawala wa Mkoa wa Tanga, naye huwaandikia wakurugenzi; na kwa kuwa Handeni ina halmashauri ya mji na ya wilaya, na Korogwe vivyo hivyo, mwenye kulifuata bomba hili tangu mtoni ana ofisi nne za kubisha hodi, na ya tano iko Moshi, ambako Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani hutoa vibali vya kuteka maji ya mto.