Kelvyn Wafulah ni nani? Herufi mbili zilizonitesa

Hebu tuambiane ukweli kabla hatujaenda mbali. Jina lako la kwanza kabisa kwenye Facebook lilikuwa limeandikwaje?

Usiangalie kando. Kama ulikuwa unalipia dakika pale saiba ya mtaani miaka ya 2011, 2012 hivi, najua tu. Ulikuwa Kevoh. Ulikuwa Shikoh. Ulikuwa Trizah, Brayoh, Lynnet, Qaroh ama Xtian. Uliandika "xaxa" ukimaanisha "sasa", na mtu akikujibu "poa xana" ulijihisi mjanja wa mjini hata kama ulikuwa unaandika ukiwa kijijini, chini ya mwembe, simu ikiwa na chaji asilimia tatu. Leo ukikutana na hizo posti unazifuta mbio kabla mpenzi wako hajazifikia.

Mimi sicheki mtu. Nilienda mbali kuwaliko. Nyinyi mlichezea majina mtandaoni, mimi nililichezea langu kwenye karatasi ya mtihani wa kitaifa.

Kelvin yule mwingine

Kwenye cheti cha kuzaliwa mimi ni Kelvin Wafula. Kelvin alilichagua mama. Wafula ni jina la kuka, babu yangu wa kule Bungoma. Kwa sisi Wabukusu, mvulana akizaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula, na msichana huitwa Nafula. Kwa hivyo ndani ya jina langu kuna mvua iliyonyesha siku moja miaka mingi iliyopita, na mzee aliyezaliwa ikinyesha.

Mwaka 2013 nilikuwa darasa la nane, shule moja hapa Eastlands. Siku moja mwalimu alizungusha orodha ya watahiniwa wa KCPE. Kila mtu aangalie jina lake, kama lina kosa alirekebishe kwa kalamu, atie sahihi, apitishe.

Sasa elewa jambo moja. Darasani tulikuwa akina Kelvin watatu. Wa kwanza alikuwa nambari moja kila muhula. Wa pili alikuwa anacheza mpira kama ametumwa. Wa tatu ndiye mimi. Mtu akiuliza, "Kelvin gani?" jibu lilikuwa, "Hapana, si huyo wala si huyo, ni yule mwingine." Miaka minane nikiwa "yule mwingine". Orodha iliponifikia, nikaona nafasi yangu. Ile i ya Kelvin nikaifanya y. Mwisho wa Wafula nikabandika h. Kelvyn Wafulah. Ilinichukua sekunde tano, na hakuna aliyeniuliza chochote.

Cheti cha KCPE kikaja hivyo. Jina la KCSE likafuata la KCPE. Barua ya kuitwa chuoni ikafuata la KCSE. Lakini nilipofika miaka 18, kitambulisho kilifuata cheti cha kuzaliwa. Kwa hivyo nikaingia utu uzima nikiwa watu wawili. Kelvin Wafula alikuwa na kitambulisho lakini hakuwa amesoma. Kelvyn Wafulah alikuwa amesoma lakini serikali haikuwa inamjua.

Kwa nini x, q na y?

Kabla sijakumalizia hiyo stori, jiulize swali ambalo mimi nilijiuliza nikiwa nimechelewa. Kwa nini zile herufi zinatuvutia?

Angalia alfabeti ya Kiswahili. Haina q. Haina x. Hata c haitembei peke yake, lazima ishikwe mkono na h. Hizo ni herufi ngeni, na ndiyo siri yenyewe. Mtoto wa Kayole akiandika "Qaroh" hajabadilisha sauti hata kidogo. Ukimwita bado ni Karo. Kilichobadilika ni vile jina linavyoonekana. Ni kama kuvaa raba mpya na sare ileile ya shule: hauko nje ya sheria sana, lakini watu watajua umefika.

Na usidhani mchezo huu tumeuanza sisi. Shakespeare, yule wa vitabu vya fasihi, ameacha saini sita zinazojulikana, na hazijaandikwa kwa namna moja. Enzi zake hakukuwa na tahajia moja ya jina, uliandika ulivyosikia. Hata hiyo X ya Xtian ni nzee kuliko Facebook kwa karne nyingi. Ni herufi ya Kigiriki, chi, inayoanza neno Kristo katika lugha hiyo. Kwa hivyo yule jamaa wa mtaani aliyejiandika Xtian alikuwa, bila kujua, anafuata nyayo za makarani wa zamani wa kanisa.

Hapa nyumbani pia kuna majina yenye tahajia mbili na hakuna iliyo bandia. Mchukue Wanjiku. Kwa kufupisha anaitwa Ciku, kwa sababu katika maandishi ya Kikuyu herufi c husomeka karibu na "sh". Asiyejua hivyo atasoma "Siku" ama "Kiku". Ndiyo maana mjini akajiandika Shiku, kisha Shiko, kisha ujana ukampanda akawa Shikoh. Hatua ya kwanza ilikuwa ya kumsaidia mgeni kusoma. Ya mwisho ilikuwa ya mapambo. Pande za Pwani nako utakutana na Mohamed, Mohammed na Muhammad kwenye baraza moja, na kila mmoja ana haki yake.

Walioicheza wakashinda

Kuna watu waliogeuza tahajia ikawa pesa. Jua Cali, ambaye jina lake ni Paul Julius Nunda, alichukua neno ambalo kila fundi wa Kenya analijua, jua kali, akabadilisha herufi moja tu. Ile C si urembo. Inakupeleka moja kwa moja hadi California, mtaa wake kule Eastleigh, na hadi Calif Records, studio aliyoianzisha na Clemo na iliyoupa muziki wa genge nguvu. Herufi moja imebeba mtaa mzima. Octopizzo naye aliweka nambari 8, ya matatu za Kibera, ndani ya jina lake. Khaligraph Jones, Brian Ouko wa Kayole, ana jina linalosikika kama kaligrafia, sanaa ya kuandika kwa mwandiko mzuri, na kweli kazi yake ni kuandika mistari. Ukivuka mpaka, Naseeb Abdul aliichukua platinamu, akaing'oa vokali, akaifunga z, akawa Diamond Platnumz.

Hata kampuni za mtandao zimefanya hivyo. Flickr ilipoanza mwaka 2004 ilidondosha e yake kwa sababu anwani yenye e ilikuwa na mwenyewe. Tumblr ikaja 2007, nayo bila e.

Umeona mfanano? Hao wote walibadilisha herufi kwa sababu. Ukitafuta Khaligraph kwenye mtandao unampata yeye, humpati mwalimu wa sanaa. Tahajia imefanya kazi. Ile h yangu ya Wafulah ilikuwa inafanya kazi gani? Kukhu ndiye aliyeniuliza hivyo, na nitakufikisha hapo.

Ijumaa saa kumi

Mwaka 2018 nilijiunga na chuo kimoja hapa Nairobi kusomea mambo ya habari. Muhula wa kwanza mama alilipa kwa mkopo wa chama. Muhula wa pili tukategemea basari. Nikajaza fomu, nikapeleka ofisini, nikaambiwa nirudi. Niliporudi, karani aliweka karatasi mbili mezani, nakala ya kitambulisho na barua ya chuo. Akaweka kidole kwenye moja, kisha kwenye nyingine.

"Kijana, hawa ni watu wawili."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba ni herufi tu. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba pesa za umma haziendi kwa "herufi tu", kwamba kuna watu huiba kwa njia hiyo hiyo, na kwamba niende kwa wakili nile kiapo kuwa Kelvin na Kelvyn ni mtu mmoja. Wakili wa kwanza niliyempata alitaka Sh1,500. Mfukoni nilikuwa na Sh200 na nauli ya kurudi. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa saa kumi. Nilipata pesa Jumatatu.

Nisikudanganye. Sikuacha chuo kwa sababu ya y na h. Niliacha kwa sababu ya karo, na basari ile huenda hata isingetosha. Lakini mpaka leo nikilala nafikiria ile Ijumaa. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kilichoukwamisha nilikuwa nimekiweka mimi mwenyewe, kwa kalamu, nikiwa na miaka 14, ili nisiwe "yule mwingine".

Desemba hiyo nilienda ushago. Kukhu alitaka kuona cheti cha shule, kwa sababu alikuwa ameuza kuku kadhaa ili nikipate. Anasoma polepole, kidole kikifuata neno. Akafika kwenye jina la mumewe akasimama.

"Hii mwisho ni nini?"

"Ni h, kukhu."

Akalisoma kwa sauti, na ile h akaipa haki yake yote: "Wafulahhh." Akanitazama. "Sasa babu yako anaonekana amechoka. Kama mtu aliyepanda mlima."

Tulicheka mpaka machozi. Kisha akanyamaza, akasema jambo lililonikaa moyoni. Kwamba nikitaka jina langu peke yangu, nijipe, hakuna ubaya. Lakini lile si langu peke yangu. Nimelikuta, na nitaliacha.

Sasa wewe ufanyeje?

Sikuambii uache kujiita unavyotaka. Mimi mwenyewe napiga picha za harusi na kuandika mtandaoni kwa jina ambalo kukhu hawezi kulitamka. Ninachokuambia ni ujue pa kuchezea.

Jina la mtaani, la jukwaa, la TikTok, hilo ni lako. Lipinde, liongezee z tano. Ila kabla hujalichora kwenye fulana, lijaribu hivi: mpigie rafiki simu, mtajie jina, mwambie aliandike alitafute. Akikosa mara tatu, wateja nao watakosa. Na kumbuka mteja akikutumia pesa kwa M-Pesa, jina atakaloliona ni lile ulilosajili laini. Mwambie mapema, la sivyo atadhani ametuma kwa tapeli.

Jina la karatasi ni habari nyingine. Chukua cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho, uvipange mezani leo jioni. Vinafanana herufi kwa herufi? Kama la, usingoje siku ya kazi, ya basari ama ya pasipoti ndiyo uanze kukimbia. Kama tofauti ni ndogo, ofisi nyingi zitakubali hati ya kiapo. Kama kweli unataka jina jipya, sheria inakuruhusu: wakili anakuandalia hati ya kubadilisha jina, inasajiliwa, kisha inachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukishafanya hivyo, wewe ni Kelvyn na hakuna karani wa kukuuliza.

Na kama una mdogo wako anayesajiliwa kwa KJSEA ama KCSE, mkalishe chini. Muulize ameandika nini kwenye ile orodha. Usimfokee. Muulize pia kama kuna mtu darasani anayemwita "yule mwingine", maana huenda hapo ndipo shida ilipo, si kwenye kalamu.

Mimi hati yangu ya kiapo ninayo sasa. Nililipia mwaka juzi kutoka kwa pesa za harusi moja ya Kitengela. Inasema kwamba Kelvin Wafula na Kelvyn Wafulah ni mtu mmoja na yuleyule. Nimeiweka kwenye bahasha moja na cheti, maana mwaka ujao nataka kurudi darasani. Kwenye fomu ya maombi, mahali pa jina, nimeandika polepole kama kukhu anavyosoma, herufi moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye a ya mwisho, nikaweka kalamu chini.