Wanafizikia kwenye soko la wachezaji

Msimu wa 2014/15 Borussia Dortmund ilishika nafasi ya saba Bundesliga, na kocha wake Jürgen Klopp akaondoka huku wengi wakiamini ameishiwa mbinu. Ian Graham, wakati huo mkuu wa utafiti wa Liverpool, alipozipitia takwimu za msimu ule aliona jambo jingine: Dortmund walitengeneza nafasi kama vigogo, ila mipira iligoma kuingia. Oktoba 2015 Klopp akatua Liverpool. Mwaka 2019 akabeba Ligi ya Mabingwa, 2020 ubingwa wa England.

Graham ana shahada ya uzamivu ya fizikia kutoka Cambridge, na alijiunga na Liverpool mwaka 2012. Baadaye idara yake ikampata William Spearman, mhitimu wa Harvard aliyewahi kufanya utafiti kwenye maabara ya fizikia ya CERN. Wasomi kama hawa wanauza nini klabuni? Si fizikia. Wanauza mazoea ya kuuliza kama kinachoonekana ni uwezo au ni bahati tu. Na soka limejaa bahati, kwa kuwa mabao ni machache. Ndiyo maana kipimo kinachotawala kazi hii ni mabao yanayotarajiwa: kila shuti hupewa uwezekano wake wa kuingia, kulingana na lilipopigwa na namna lilivyopigwa.

Faida ya kazi hii huonekana kwenye usajili. Mohamed Salah, ambaye Chelsea hakung'ara, alinunuliwa na Liverpool kutoka Roma mwaka 2017 kwa takriban pauni milioni 37, akafunga mabao 32 ya ligi msimu wake wa kwanza. Klabu za Brentford ya Matthew Benham na Brighton ya Tony Bloom, matajiri wawili waliovuna kwenye kamari kwa hesabu, zinaishi kwa kununua rahisi na kuuza ghali.

Kwa msomi anayeajiriwa klabuni mambo ni magumu kidogo. Chuoni unapanda cheo kwa kuchapisha. Klabuni ukigundua kitu unakifungia kabatini. Ripoti ndefu haina msomaji, kwani kocha anataka jibu kabla ya mazoezi. Na kwa sababu kazi hii inagombewa na wapenzi wa soka, mwenye ujuzi uleule mara nyingi hulipwa vizuri zaidi benki.

Wanaotaka kujaribu hawakosi pa kuanzia. Kampuni ya data za soka ya StatsBomb ilianza kutoa bure sehemu ya data zake mwaka 2018, na David Sumpter, profesa wa hisabati huko Uppsala, amezifundisha mbinu hizi mtandaoni. Mwanafunzi wa Dodoma anazipata kama wa London. Kupata mwajiri ndiyo kazi, maana klabu zenye idara kama ya Liverpool bado ni chache, hata Ulaya.