Panki, Gitaa na Mapokeo: Mfano wa Katanga

Muziki wa panki, uliovuma New York na London katika miaka ya 1970, ulisimama juu ya msingi mmoja: mwenye la kusema asingoje kufuzu ndipo ashike ala. Msingi huo haukuwa adui wa mapokeo. Kundi la The Pogues, lililoundwa London mwaka 1982, lilizipiga nyimbo za jadi za Ireland kwa kasi na ukali wa panki. Je, chombo kigeni kikiingia katika wimbo wa jadi, huufisha au huuhuisha?

Katanga ilikwisha kulikabili swali hilo. Migodi na reli ziliwakutanisha watu wa makabila mengi Lubumbashi na Likasi, na gitaa likawa chombo cha vijana wa mjini. Jean Bosco Mwenda (1930–1990), mzaliwa wa Bunkeya, alilipiga kwa vidole viwili: gumba lilishika mdundo wa chini, na kidole cha shahada kikasuka sauti ya juu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga “Masanga”. Gitaa lilitoka ng’ambo. Midundo inayopishana ndani yake ilikuwa ya nyumbani.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mipaka. Panki ilikuwa uasi wa makusudi, ilhali Mwenda alitafuta ulaini wa sauti. Ukali unapatikana Kinshasa, kwa kundi la Konono No. 1 la Mingiedi Mawangu, lililoikuza likembe ya Wazombo kwa vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo wa sauti hiyo ulizaliwa na haja ya kusikika mtaani, si na nia ya kuasi. Albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wasikilizaji wa Ulaya waliiona kuwa jamaa ya panki.

Jambo hili linaigusa taaluma ya Kiswahili moja kwa moja. Nyimbo nyingi za Mwenda ziko katika Kiswahili cha Katanga, lugha iliyokomaa katika makambi ya wafanyakazi wa migodi. Anayekiita Kiswahili hicho kibovu kwa kuwa kimechanganyika, hana budi kulikana pia gitaa la Mwenda kwa hoja hiyo hiyo. Mapokeo hayafi kwa kuchanganyika. Hufa yanapokosa wa kuyatenda.