Packard ya Kwenda Matiliku: Bei ya Mnadani na Bei ya Nyumbani

Agosti 2018, huko Pebble Beach, California, Duesenberg SSJ ya mwaka 1935 iliyowahi kuwa ya mwigizaji Gary Cooper ilipigwa mnada ikafika dola milioni 22. Hilo tuliache kwa wenyewe. Makala haya ni ya mtu mwenye asili ya Matiliku, kaunti ya Makueni, ambaye biashara imemkubali Nairobi au ughaibuni, na moyo wake umeangukia gari la kifahari la Kimarekani la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lile la paa la turubai linalokunjwa nyuma. Anataka kulihifadhi, kulionyesha mara moja kwa mwaka, na Desemba kuwabebea maharusi nyumbani, kule Nzaui. Atalipa ngapi, na achague lipi?

Tuanze na majina. Packard One Twenty ilitoka mwaka 1935 ikiwa jaribio la kampuni hiyo ya Detroit kujinusuru katika miaka ya mdororo, na bei ya toleo la kwanza ilianzia chini kidogo ya dola 1,000. Kufikia 1937 ilikuwa na injini ya silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.6, nguvu farasi 120, na breki za mafuta badala ya zile za waya na vyuma. Leo yenye paa la kukunjwa, iliyokarabatiwa vizuri, hupatikana katika minada ya Marekani kwa dola elfu arobaini hadi themanini hivi. Ukipanda daraja hadi Packard Twelve au Cadillac ya silinda 16, iliyozinduliwa New York Januari 1930, unaingia kwenye laki za dola. Cord 810 ya 1936, yenye taa zinazojificha kwenye madigadi, ni nzuri ajabu, lakini nguvu yake huenda magurudumu ya mbele kwa mfumo ambao hata huko kwao mafundi wake ni wachache. Matiliku usiipeleke.

Basi tuchukue One Twenty ya dola 60,000, na dola 5,000 za meli na bima mpaka Mombasa. Jumla 65,000. Hapo ndipo wengi huacha kupiga hesabu, na hapo ndipo hesabu yenyewe inapoanza. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni dola 22,750. Juu ya jumla hiyo mpya kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 35 kwa injini ya petroli iliyozidi cc 3,000: dola 30,712. VAT ya asilimia 16 inakokotolewa juu ya vyote hivyo: 18,954. Ongeza ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2. Kodi peke yake imefika dola 75,000 na zaidi, yaani imelipita gari. Kwa shilingi 130 kwa dola, gari la shilingi milioni 7.8 limekuwa la milioni 18.2 kabla halijatoka bandarini. Kodi hubadilika kila bajeti, na mamlaka ya mapato, KRA, ndiyo inayoamua thamani ya kukokotolea, si risiti yako, kwa hiyo zichukue tarakimu hizi kama kipimo cha ukubwa wa shimo.

Tena hiyo ni kama gari limeruhusiwa kuingia. Kiwango cha shirika la viwango, KEBS, kiitwacho KS 1515 kinakataza gari lililozidi miaka 8, na sheria ya trafiki haitaki usukani wa kushoto. Kwa kanuni hizo tupu, gari la 1937 halina njia. Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta ni idhini ya maandishi, kabla hujatuma hata senti ya arbuni. Wakati huo huo iombe KRA uamuzi wa awali wa forodha kuhusu kundi 9705 la orodha ya bidhaa ya kimataifa, lile la vitu vya wakusanyaji vyenye thamani ya kihistoria. Uingereza hulitumia kundi hilo kwa magari ya zaidi ya miaka 30 yaliyo katika hali yake ya asili: hayalipi ushuru wa forodha, na VAT ni asilimia 5 tu. Nairobi haifungwi na mazoea ya London, lakini namba za orodha ni zile zile, na swali lililoulizwa mapema halina gharama kama lile linaloulizwa kontena likiwa limeshuka na siku za bandari zinahesabiwa. Wakala wa forodha anayekwambia usijali, ana mtu wake ndani, mwepuke.

Usukani wa kulia si ndoto. Makampuni ya Marekani yalitengeneza magari ya namna hiyo kwa ajili ya makoloni ya Mwingereza; Buick na Ford za Kanada zilitumwa kote kwenye himaya kwa sababu zilitozwa ushuru nafuu, na General Motors ilikuwa na kiwanda Port Elizabeth, Afrika Kusini, tangu 1926. Tafuta huko, na Australia, na Uingereza kwenyewe. Marekani utapata wingi na bei nzuri, lakini usukani utakuwa upande usiofaa, na kuuhamisha ni kuliharibu gari ulilolipia uasilia wake.

Maoni yangu ni haya: gari ambalo tayari lina namba ya Kenya, hata likiuzwa mara mbili ya bei ya mnada, ni nafuu kuliko lililo ng'ambo. Hesabu ya hapo juu inatosha kuwa ushahidi. Tatizo ni kwamba Packard za wazi hazijai hapa. Nenda Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, kwa kawaida mwezi wa Septemba. Usiende kutazama kofia za wageni. Nenda uwaulize wenye magari nani anazeeka, watoto wa nani hawalitaki gari la baba. Magari ya aina hii huuzwa kwa maneno ya pembeni, mara nyingi bila tangazo.

Huko unaweza kuziona Ford Model A, zilizotengenezwa kuanzia 1927 hadi 1931, karibu milioni tano. Si gari la kifahari, na wenye Packard watakutazama kwa huruma. Lakini spea zake bado zinatengenezwa upya Marekani, injini yake ya silinda nne inaeleweka na fundi yeyote aliyewahi kufungua pampu ya maji ya shambani, na iliinuliwa juu kwa sababu barabara za Marekani zenyewe zilikuwa za udongo. Ndiyo sababu walowezi na wawindaji wa miaka ya 1920 hapa Kenya walipenda magari ya Kimarekani. Kichekesho kimoja: ina nguvu farasi 40 tu, ila injini yake ni cc 3,285, hivyo ukiiagiza leo inatozwa kama jitu.

Njia ya tatu ni kununua gofu na kulikarabati. Wengi huvutiwa nayo kwa sababu bei ya kuanzia ni ndogo. Kazi ya bodi na rangi Nairobi ni nafuu kuliko Marekani, na kwa mbao Ukambani hatujakosa mikono; magari mengi ya fahari ya enzi hiyo yana fremu ya mbao ndani ya mabati. Kinachomaliza watu ni kromu, vioo, saa za dashibodi, na vile vipande vidogo vya paa la kukunjwa visivyouzwa popote. Huko nje gharama ya ukarabati kamili mara nyingi hupita thamani ya gari. Mwache mwingine aigharamie, wewe ununue kazi iliyokwisha, pamoja na picha za kila hatua. Na hakikisha lilizaliwa likiwa la wazi, maana wapo waliokata paa la chuma la gari la kawaida wakaliuza kwa bei ya turubai. Kwenye Packard, bamba lililo kwenye ukuta wa injini huwa na namba, mji wa muuzaji wa kwanza na tarehe. Lilinganishe na hati.

Makueni kuna hewa kavu, na kutu haili mabati kama Mombasa. Adui wako huko ni mchwa kwenye fremu ya mbao, panya kwenye nyaya zilizofunikwa pamba, na maji ya visima yenye chumvi, ambayo hayafai kabisa kwa rejeta. Weka maji ya mvua. Gari kama hili hunywa lita moja kwa kilomita tano au sita, kwa hiyo kutoka Nairobi kwenda na kurudi ni kama shilingi elfu kumi za petroli, na Mombasa Road ya malori si mahali pa taa za volti sita usiku. Lipakie kwenye trela hadi mji wa Emali, literemshe hapo asubuhi.

Kuhusu harusi, usijidanganye kwamba litajilipa. Tuseme unalikodisha kwa shilingi 60,000 kwa siku: milioni 18 ni harusi mia tatu. Anayetaka picha tu na akodi la mwenzake. Wewe ukikodisha lako, bima ya gari la kibinafsi haitoshi. Sera itaje kukodisha waziwazi, na thamani iandikwe kama kiasi mlichokubaliana baada ya tathmini, kwa sababu bila hivyo, siku likipinduka kwenye kona za Nzaui, kampuni italihesabu kama chuma cha karibu miaka tisini.